"Sijambo" Yenye Jambo: Lugha, Ukimya na Afya ya Akili ya Mwanafunzi Kutoka Kwale

Utangulizi

Simu inalia jioni katika bweni la chuo kikuu kimoja nchini Kenya. Anayepiga ni mama, naye yuko kijijini karibu na Msambweni. Binti anaamkia, mama anaitikia, kisha yanafuata maneno ambayo kila mtoto wa Pwani anayajua kwa moyo.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama."

"Masomo yaendaje?"

"Yaenda vyema."

"Haya, soma mwanangu. Sote huku twakutegemea wewe."

Salio linakwisha na simu inakatika. Binti huyu ana wiki tatu bila usingizi wa maana. Ana siku kumi hajaingia ukumbi wa mihadhara. Chakula hakina ladha kinywani mwake, na vitabu alivyovipenda sasa anavitazama kama vitu vya mtu mwingine. Hana homa, hana jeraha, hana msiba wa kuutaja. Kwa hiyo alipoulizwa, alijibu alivyofunzwa kujibu tangu utotoni.

Binti huyu ni wa mfano tu, lakini mazungumzo yake si mageni kwa yeyote aliyewahi kuishi bwenini. Makala haya yanakusudia kufafanua hali ya afya ya akili ya mwanafunzi wa chuo anayetoka Kwale na pwani ya kusini kwa jumla, kwa kuitazama kupitia lugha yake. Hoja inayotetewa ni kwamba Kiswahili hakikosi maneno ya maumivu ya nafsi, wala adabu ya Mswahili haimkatazi mtu kusema shida yake. Kinachokosekana ni swali la pili, yaani lile linalofuata baada ya "sijambo".

Ukubwa wa tatizo

Afya ya akili si kukosa wazimu tu. Ni uwezo wa mtu kufikiri, kuhisi, kuhusiana na wenzake na kuyamudu mambo ya kila siku. Uwezo huo ukipungua kwa muda mrefu, mtu huyo ni mgonjwa kama alivyo mgonjwa wa malaria, hata kama kipimajoto hakionyeshi kitu. Sonona, kwa mfano, hutambuliwa na madaktari pale mtu anapokuwa na huzuni nzito au kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, pamoja na dalili kama vile kukosa usingizi, kuchoka, kushindwa kumakinika na kujiona hana thamani, kwa muda usiopungua wiki mbili.

Umri wa chuo ni umri wa hatari katika jambo hili. Tafiti zinazotajwa sana katika taaluma hiyo zinaonyesha kwamba takriban robo tatu ya matatizo ya akili yanayowapata watu maishani huwa yamekwisha kuanza kabla ya umri wa miaka 24. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hujitoa uhai kila mwaka duniani, na kwamba kujitoa uhai ni sababu ya tatu ya vifo miongoni mwa vijana wa miaka 15 hadi 29.

Nchini Kenya, uchunguzi wa Caleb Othieno na wenzake uliochapishwa mwaka 2014 uliwahusisha wanafunzi 923 wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Ilibainika kuwa asilimia 35.7 walikuwa na dalili za sonona za kiwango cha wastani, na asilimia 5.6 walikuwa na dalili kali. Dalili hizo zilionekana zaidi miongoni mwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wenye uhaba wa fedha, na wale waliokaa nje ya chuo. Maelezo haya hayakuandikwa kuhusu Kwale. Hata hivyo, mtu akimtafakari mwanafunzi anayetoka Kinango au Lungalunga na kuingia mwaka wa kwanza katika mji asioujua, akiwa na karo nusu na chumba cha kupanga mtaani, atamwona mwanafunzi huyo ndani ya takwimu hizo.

Mzigo avukao nao Likoni

Mwanafunzi wa Kwale anapovuka feri ya Likoni kwenda chuoni huwa hajabeba sanduku lake peke yake. Mara nyingi ni wa kwanza katika ukoo kufika chuo kikuu. Karo yake imetoka mahali pengi: mkopo wa bodi ya HELB iliyoundwa mwaka 1995, basari ya kaunti, harambee ya kijiji, mbuzi wa shangazi na pengine minazi ya babu iliyowekwa rehani. Kila aliyetoa anasubiri. Hakuna anayedai kwa ukali, na hapo ndipo uzito ulipo, kwa maana deni la mapenzi halina risiti wala tarehe ya kumalizika.

Aidha, uchumi wa pwani ya kusini umekuwa wa kupanda na kushuka. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988 na kuziacha familia nyingi bila mshahara kwa miaka mingi. Ghasia za Likoni na Kaya Bombo za mwaka 1997 ziliwafukuza watalii. Mwezi Machi 2020 ugonjwa wa korona ulifunga hoteli za Diani, na wazazi waliokuwa wapishi, wahudumu na walinzi walirudi nyumbani mikono mitupu. Uchimbaji wa titani, ambao shehena yake ya kwanza ilisafirishwa mwaka 2014, ulikoma Desemba 2024. Katika kila tukio kati ya haya, habari iliyosomwa magazetini kama habari ya uchumi ilimfikia mwanafunzi fulani ikiwa habari ya karo.

Lipo pia suala la lugha. Nyumbani anazungumza Kidigo au Kiduruma. Sokoni, madrasani na kwa rafiki zake anazungumza Kiswahili. Darasani anatakiwa kufikiri, kuuliza na kufanya mtihani kwa Kiingereza. Akienda kwenye ofisi ya ushauri nasaha, fomu anayopewa huenda pia ikawa ya Kiingereza. Hivyo anatakiwa kueleza kilicho ndani kabisa ya moyo wake kwa lugha iliyo mbali zaidi na moyo huo.

Maneno yapo, pengo liko katikati

Kwa muda mrefu ilidaiwa kwamba Mwafrika hana sonona. Dai hili lilipata nguvu kupitia J. C. Carothers, daktari aliyekuwa msimamizi wa hospitali ya Mathari jijini Nairobi wakati wa ukoloni. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alishikilia kuwa sonona ni nadra miongoni mwa Waafrika, na akaihusisha hali hiyo na upungufu aliodai kuuona katika akili zao. Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Martinique aliyefanya kazi Algeria, alimkosoa katika kitabu chake cha mwaka 1961. Mtu aliyetawaliwa, hospitali ikawa mkono mwingine wa serikali inayomtawala, hawezi kutarajiwa kumfungulia moyo daktari wa mtawala. Carothers alisikia "sijambo" akaiandika kama ukweli wa kisayansi.

Makosa ya aina hiyo hayakuisha na ukoloni. Nchini Marekani tafiti mbalimbali zimeonyesha kuwa wanafunzi weusi wenye dalili za matatizo ya akili hutafuta matibabu kwa kiwango cha chini kuliko wenzao weupe. Atakayeitazama hesabu ya waliofika kwa daktari bila kuwauliza waliobaki vyumbani atadhani hao wa pili ni wazima. Ukimya wa mgonjwa ni rahisi kudhaniwa kuwa afya.

Kiswahili chenyewe kinamkanusha Carothers. Kuna huzuni, simanzi, majonzi na jitimai. Kuna kihoro cha aliyepotelewa, ukiwa wa aliyeachwa, jakamoyo la mwenye hofu isiyotulia, kiwewe cha aliyeona makubwa, fadhaa na dukuduku. Kuna kitenzi "sononeka", ambacho ni kuumia moyoni, na kutokana na mzizi huo Watanzania wamepata istilahi ya kitabibu "sonona". Kuna "msongo" linalotokana na "songa", yaani kubana, na kila aliyewahi kubanwa na mawazo anaelewa kwa nini neno hilo lilichaguliwa. Zaidi ya yote, kuna usemi wa kila siku: "Ana mawazo." Hakuna mzee wa Ukunda au Gazi anayehitaji daktari ili aelewe kwamba mtu aliyeambiwa "ana mawazo" hasifiwi kwa kufikiri, bali anahurumiwa.

Tatizo ni jinsi maneno haya yalivyopangwa katika matumizi. Upande mmoja kuna maneno mepesi: uchovu, mawazo, stresi. Haya hujibiwa kwa "jikaze" au "yatapita". Upande wa pili kuna maneno mazito yanayomtoa mtu katika jamii: mwendawazimu, kichaa, majununi, chizi, mwehu. Hata majina ya hospitali yamegeuzwa kuwa mzaha wa kumtusi mtu: Mathari kwa Wakenya, Mirembe kwa watu wa bara la Tanzania, Kidongo Chekundu kwa Wazanzibari. Kati ya pande hizi mbili kuna eneo pana ambalo ndiko waliko wagonjwa wengi, nalo halina jina moja linalokubalika. Magazeti ya Kenya huandika mara "unyogovu", mara "mfadhaiko", mara "msongo wa mawazo" kwa jambo lile lile, ilhali mwanafunzi mwenyewe hatumii hata moja. Akisema ana mawazo, anaambiwa ni kawaida. Akisema zaidi ya hapo, anaogopa kuitwa kichaa. Basi ananyamaza.

Fasihi ilivyotangulia

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hawapaswi kulishangaa jambo hili, kwa kuwa waandishi walikwisha kulisema zaidi ya nusu karne iliyopita. Katika tamthilia ya Mashetani (1971) ya Ebrahim Hussein, Juma na Kitaru ni vijana wa chuo kikuu. Kitaru anaandamwa na fadhaa ambayo mali ya wazazi wake haiwezi kuiondoa, kwa sababu mizizi yake imo katika historia ya nchi na katika tofauti za kitabaka kati yake na rafiki yake.

Katika riwaya ya Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi, Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi nyumbani Ukerewe. Elimu imemtenga na wazazi na wanakijiji, lakini haijampa mahali pengine pa kusimama. Mwishowe anajitoa uhai. Riwaya hii inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza, na kwa hiyo msomaji anayasikia mawazo ya Kazimoto ambayo walio karibu naye hawayasikii. Watu hao wanamwona msomi mwenye majivuno, wakati msomaji anamwona mtu anayezama.

Kwa kawaida vitabu hivi hufundishwa chini ya vichwa kama udhanaishi, ukengeushi na migongano ya kitabaka. Uchambuzi huo ni sahihi. Hata hivyo, katika kila darasa linalomjadili Kazimoto huenda ameketi Kazimoto mwingine, akinakili maelezo kuhusu udhanaishi huku akijijua mwenyewe katika kila ukurasa. Mhadhiri anayemaliza kipindi kwa kuuliza, "Kazimoto angesaidiwa na nani, na kwa neno gani?" atakuwa hajatoka nje ya fasihi hata hatua moja.

Kusomewa, kayamba na daktari

Haitoshi kusema kwamba jamii ya Kwale haina namna ya kumtibu mwenye maumivu ya nafsi. Inazo. Mwenye kuhangaika husomewa Kurani, hunyweshwa kombe lililoandikwa kwa zafarani, huzinguliwa, au hupelekwa kwa mganga na kuchezewa kayamba ili pepo atajwe jina na aseme analolitaka. Msomi anaweza kukubali au kukataa maelezo ya asili ya ugonjwa yaliyomo katika tiba hizi, lakini hapaswi kupuuza mambo mawili yaliyomo ndani yake. Kwanza, maumivu hupewa jina mbele ya watu bila mgonjwa kulaumiwa. Pili, mgonjwa hapelekwi peke yake. Mama, mjomba, shangazi na majirani huenda naye, wakakesha naye na kurudi naye.

Hatari inakuja pale tiba hizi zinapomchelewesha mgonjwa ambaye anahitaji dawa au matibabu ya mazungumzo ya kitaalamu. Sonona kali inatibika, na kadiri inavyotibiwa mapema ndivyo matokeo yanavyokuwa bora. Zaidi ya hayo, huduma zenyewe zimekuwa mbali. Kwa miaka mingi, mgonjwa wa akili wa Pwani aliyehitaji kulazwa alifikiriwa kupelekwa Port Reitz, Mombasa, au hata Mathari, Nairobi. Kwa familia ya Vanga au Shimoni, safari hiyo ni gharama na pia ni tangazo kwa kijiji kizima.

Sheria nayo ilichangia ukimya. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mhalifu, na familia nyingi ziliogopa kumpeleka hospitalini mtu ambaye angeweza kutolewa wodini na kupelekwa mahakamani. Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022, na Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Huo ni ushindi mkubwa. Hata hivyo, hukumu ya mahakama hufika haraka katika vitabu vya sheria kuliko inavyofika katika ndimi za watu.

Swali la pili

Turudi kwenye salamu. Wanaisimu hueleza kwamba "hujambo" ni mkato wa "huna jambo", na "sijambo" ni "sina jambo". Kwa adabu ya Kiswahili, jibu la kwanza la salamu ni la heri daima. Hata mwenye matanga nyumbani kwake, akiulizwa habari, hutanguliza "njema", kisha ndipo aongeze, "ila tumefiwa." Kwa hiyo "sijambo" si uongo. Ni kizingiti cha mlango. Wazee walilijua hilo, ndiyo maana salamu zao zilikuwa ndefu: habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za usiku, waambaje, kwema? Kila swali lilikuwa nafasi nyingine ya kusema "ila". Mwanafunzi wa leo anasalimiwa "mambo?" anajibu "poa", na wote wawili wamekwisha kupitana kwenye ngazi. Salamu imebaki na kizingiti bila mlango.

Dawa ya kwanza, basi, haihitaji bajeti. Ni kuuliza tena, na kuuliza kwa kutaja jambo lililoonekana: "Sijakuona darasani siku tatu. Kwema kweli?" "Siku hizi huli nasi. Kuna nini?" Swali la namna hii haliwezi kujibiwa kwa "poa" bila mwenye kujibu kusita, na kusita huko ndiko kunakofungua mazungumzo. Mwenzake akionyesha dalili za kukata tamaa, ni sahihi kumwuliza waziwazi kama anafikiria kufa. Wataalamu wanakubaliana kwamba swali hilo halimpandikizii mtu wazo hilo. Mara nyingi humpa nafuu kwa kuwa hatimaye kuna aliyethubutu kulitaja. Mtu wa namna hiyo asiachwe peke yake hata kidogo mpaka afikiwe na mtaalamu.

Dawa ya pili ni kumsindikiza. "Nenda ukamwone mshauri" ni nusu ya msaada. Ikiwa kwa mganga mtu hapelekwi peke yake, iweje kwa mshauri nasaha aende peke yake, apite mbele ya ofisi za utawala huku kila mtu akisoma kibao cha mlango anaoubisha? Rafiki aende naye, aketi nje, amsubiri. Kwa mwenye kuona haya kabisa, mashirika kama Befrienders Kenya na Msalaba Mwekundu wa Kenya yamekuwa yakiwasikiliza watu kwa simu.

Dawa ya tatu inawahusu wanachama wa vyama vya Kiswahili moja kwa moja. Madaktari hutumia dodoso la maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, ambapo kila swali hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ya juu ni 27. Dodoso hilo limetafsiriwa kwa Kiswahili na kutumiwa katika tafiti nchini Kenya. Lakini tafsiri inayoeleweka Eldoret au Dodoma huenda isimguse mtu wa Msambweni. Nani anafaa zaidi kuyauliza maneno hayo kwa watu, kuyalinganisha na Kidigo na Kiduruma, na kupendekeza istilahi ambayo mama wa kijijini ataielewa bila kushtuka, kuliko mwanafunzi wa Kiswahili? Kazi ya istilahi mara nyingi huonekana kuwa kazi kavu ya kabatini. Hapa ni kazi ya kuokoa maisha.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba afya ya akili ya mwanafunzi wa Kwale haiwezi kutenganishwa na uchumi wa pwani yake, historia ya namna Mwafrika alivyotazamwa na madaktari wa kikoloni, tiba za jamii yake na hasa lugha anayoitumia kusema au kunyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini wanafunzi wengi hawafichi kwa kupenda. Wanaficha kwa kuwa walipojibu salamu hakuna aliyebaki kusikiliza.

Yule mama wa Msambweni hakukosea kumwambia bintiye kwamba wote wanamtegemea. Alisema kwa mapenzi. Pengine siku nyingine salio litatosha, naye ataongeza neno moja: "Na wewe mwenyewe, moyo wako u hali gani?" Binti atanyamaza kidogo. Kisha atasema, "Sijambo, mama, ila..."